Mto Pangani: Maji Yanatoka Wapi, na Nani Anabakiziwa?

Anayesafiri kwa basi kutoka Tanga kwenda Moshi huuona mto Pangani maeneo ya Korogwe, mara nyingi bila kuutambua. Daraja linapita haraka, maji yana rangi ya udongo, na safari inaendelea. Mkazi wa Pangani mjini anaufahamu kwa namna nyingine. Kwake ni mto mpana unaokutana na bahari, wenye mikoko kando yake na pantoni inayovusha watu kwenda Bweni. Mkulima wa Hai au Arumeru anafahamu kijito tu kinachopita nyuma ya mgomba wake, na pengine hajawahi kufikiri kwamba kijito hicho kina safari ya kwenda Tanga.

Wote watatu wanazungumzia maji yale yale. Katika makala hii tunaufuata mto huu tangu milimani hadi baharini. Tutaangalia unakusanya maji wapi, unayapoteza wapi, na kwa nini wanaoishi mwisho wa mto wana sababu ya kuwauliza maswali wanaoishi mwanzo wake. Somo ni la jiografia, lakini linagusa meza ya kila nyumba.

Jina moja, mito mingi

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Sehemu kubwa ya mto huu, hasa ya juu na ya kati, wenyeji huiita Ruvu. Tusiichanganye na Ruvu ya mkoa wa Pwani, inayotoka milima ya Uluguru, kulisha Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Ruvu yetu ni nyingine. Kadiri inavyoshuka kuelekea pwani inachukua jina la mji inakoishia, yaani Pangani.

Urefu wake ni takriban kilomita 500. Eneo lote ambalo mvua yake huteremkia mto huu, ambalo wataalamu huliita dakio au bonde la mto, lina takriban kilomita za mraba 43,000. Sehemu kubwa iko Tanzania, katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. Sehemu ndogo, karibu asilimia tano, iko Kenya upande wa Taveta. Zaidi ya watu milioni tatu wanaishi humo, na walio wengi ni wakulima wadogo na wafugaji.

Tukilitazama dakio hili kwa ramani ya Kanisa, linagusa majimbo ya Arusha, Moshi, Same na Tanga, na ng'ambo ya mpaka linagusa Mombasa. Mipaka ya majimbo, kama ile ya wilaya, imechorwa na watu. Maji yana mpaka wao: mgongo wa mlima, unaoamua tone likianguka liteleze upande gani. Ndiyo maana mwanakijiji wa Usa River na mwanakijiji wa Pangani, ambao huenda hawatakutana maishani, ni majirani kwa maji.

Mikono miwili ya mwanzo

Mto Pangani hauna chanzo kimoja tunachoweza kukionyesha kwa kidole. Una mikono miwili mikubwa.

Mkono wa kwanza ni Kikuletwa. Huu unakusanya maji ya mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, pamoja na ya miteremko ya kusini na magharibi ya Kilimanjaro. Mito ya Themi, Nduruma na Usa inatoka upande wa Meru. Kikafu, Weruweru na Karanga inatoka upande wa Kilimanjaro. Yote hukutana katika tambarare za chini.

Mkono wa pili ni Ruvu yenyewe. Mto Lumi unashuka mashariki mwa Kilimanjaro, unapita Taveta na kuingia Ziwa Jipe, ambalo nusu yake ni ya Tanzania na nusu ya Kenya. Ruvu hutoka katika ziwa hilo, kisha inaongezewa maji ya Himo na mito mingine ya mashariki ya Kilimanjaro. Ziwa Jipe ni la kina kifupi, na kwa miaka mingi magugumaji na matete yameendelea kulifunika, kwa sababu udongo unaoshuka kutoka mashamba ya juu hutua humo.

Hapa tusahihishe dhana iliyoenea sana, kwamba maji ya Pangani ni theluji ya Kilimanjaro inayoyeyuka. Ni kweli barafu ya kilele, kwenye urefu wa mita 5,895, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini barafu hiyo ilikuwa ikichangia sehemu ndogo tu ya maji ya mto. Anayelisha mto ni msitu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa kusini, zikapoa na kugeuka mvua na ukungu. Katika ukanda wa msitu mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali tambarare zilizo chini zinapata milimita 500 au pungufu. Miti na kuvumwani vinanasa hata ukungu usiofika kuwa mvua, na maji hayo hudondoka polepole ardhini.

Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkano. Miamba yake ina nyufa na matundu, hivyo maji mengi huzama badala ya kutiririka juu ya ardhi. Yanasafiri chini kwa chini na kuibuka upya kama chemchemi katika nyanda za chini, kwa mfano Miwaleni, Rundugai na Chemka. Chemchemi hizo ndizo zinazoufanya mto uendelee kutiririka wakati wa kiangazi ambapo mvua imekata. Kwa hiyo moto unaoteketeza msitu wa juu, au msumeno unaoangusha miti, unakausha mto kuliko kuyeyuka kwa barafu. Habari hii ni ngumu, lakini ina tumaini ndani yake. Barafu hatuwezi kuirudisha, ila msitu tunaweza kuulinda.

Volkano ina deni lake pia. Katika maeneo kadhaa ya Meru maji yana madini mengi ya floraidi, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa huko yametokana na hayo. Maji Ya Chai, mashariki mwa Arusha, ni mfano unaojulikana sana. Maji kuonekana mengi hayamaanishi kwamba yanafaa kunywewa.

Mifereji ya wazee

Kabla ya serikali yoyote kuweka ofisi ya maji, Wachagga walikuwa wameshachimba mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito katika mabonde yenye kina na kuyapitisha kwenye miteremko hadi migombani. Wazungu wa kwanza waliofika Uchaggani katika karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, zamu zake na siku za kusafisha. Asiyefika kusafisha alitozwa faini au alikosa zamu.

Wapare nao walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku kucha ili mchana yafunguliwe kwa nguvu na kufika shamba la mbali. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke kilivyo, maji yake huzama njiani. Yakikusanywa kwanza, yanafika. Bila mahesabu ya vitabuni wazee waliijua kanuni hiyo, na bado ndiva zinatumika Same na Mwanga.

Tunaitaja mifereji hii kwa sababu mbili. Inaonyesha kwamba kugawana maji kwa utaratibu si jambo la kuletewa. Lakini pia ni mingi, na kwa sehemu kubwa ni ya udongo mtupu. Maji mengi huvuja kabla ya kufika shambani. Idadi ya watu ilipokuwa ndogo hasara hiyo haikuumiza. Leo inaumiza.

Nyumba ya Mungu

Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, mahali ambapo mikoa ya Kilimanjaro na Manyara inapakana. Bwawa lilikamilika katikati ya miaka ya 1960. Linapojaa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 140.

Kazi yake ya kwanza ni kuweka akiba. Linapokea maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo, ili mitambo ya umeme iliyo mbali chini, mkoani Tanga, isikose maji kiangazi. Lina pia mtambo wake wa megawati 8. Baada ya bwawa kujaa wavuvi walimiminika kutoka sehemu nyingi, wakavuna perege kwa wingi, vijiji vya uvuvi vikaota ukingoni. Baadaye samaki walipungua kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa nyavu za macho madogo, hata mamlaka zikalazimika mara kwa mara kusimamisha uvuvi.

Bwawa limeleta umeme na kitoweo, lakini limebadilisha mto ulio chini yake. Kusini mwa bwawa liko tingatinga la Kirua. Zamani mafuriko ya masika yalisambaa humo, yakaacha malisho na mazalio ya samaki, na ardhi yenye unyevu kwa wakulima. Mafuriko yalipozuiwa, sehemu kubwa ya Kirua ilikauka. Mfugaji na mvuvi wa hapo hawakuwahi kutumia umeme wa bwawa, lakini gharama yake waliilipa.

Kwa nini bonde ni kavu na milima ni ya kijani?

Msafiri yeyote wa barabara ya Same amejiuliza swali hili. Kushoto na kulia ni miiba na vumbi, wakati juu ya Pare na Usambara ukungu umetanda na migomba imestawi.

Jibu liko katika upepo na umbo la nchi. Milima ya Pare na Usambara ni sehemu ya mnyororo wa milima ya Tao la Mashariki. Haikutokana na volkano. Ni mapande ya miamba ya kale sana yaliyoinuliwa juu ardhi ilipopasuka, na bonde la Pangani ni upande ulioshuka. Upepo wa bahari unapofika hulazimika kupanda milima hiyo, nayo huukamua unyevu wake upande wa mashariki na vileleni. Ukivuka na kuteremka upande wa bondeni, umebaki mkavu. Bonde linaishi katika kivuli cha mvua.

Kwa sababu hiyo, kutoka Nyumba ya Mungu hadi karibu na Korogwe, mto hauongezewi kitu cha maana, huku jua linakunywa na mashamba yanachota. Nafuu inakuja baadaye, kwa mito miwili. Mkomazi unaleta maji ya Pare na Usambara Magharibi, na njiani unanywesha mpunga wa bonde la Ndungu. Luengera unashuka kati ya Usambara Magharibi na Mashariki na kuingia karibu na Korogwe. Msitu wa Lushoto ukiondoka, mito hii hugeuka kuwa ya msimu: inafurika kwa wiki mbili ikiwa imebeba udongo mwekundu, halafu inakatika.

Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa mwaka 2025, unachota Nyumba ya Mungu ili kufikisha maji ya bomba katika vijiji hivi vya kivuli cha mvua. Ni haki yao iliyokawia. Lakini kila bomba jipya linaongeza sababu ya kulinda milima inayolijaza bwawa.

Hale: maji yanageuka mwanga

Baada ya Korogwe nchi inashuka ghafla kuelekea pwani, na mto unaanguka. Hapo ndipo nguvu yake ilipotumiwa mapema. Mtambo wa kwanza wa Pangani Falls ulijengwa katika miaka ya 1930, wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Hale ulifuata mwaka 1964 ukiwa na megawati 21. Mtambo mpya wa Pangani Falls ulianza mwaka 1995 kwa msaada wa Finland, Norway na Sweden, nao ni wa megawati 68. Tukijumlisha na Nyumba ya Mungu tunapata megawati 97. Ukilinganisha na megawati 2,115 za bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, ni kidogo. Lakini kwa miongo mingi umeme huu uliendesha viwanda vya Tanga.

Ukanda huu pia ni nyumbani kwa mkonge. Mmea huo uliletwa kutoka Florida mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, iliyopita bonde hili hili hadi kufika Moshi mwaka 1911. Mkonge hauhitaji mvua nyingi shambani, lakini korona hutumia maji mengi kusafisha singa. Maji yanayotoka korona yakirudi mtoni bila kusafishwa, samaki hufa na mto hunuka.

Mdomo wa mto

Pangani mjini ni mwisho wa safari, na ndipo hesabu yote hujumlishwa. Mji huu wa kale wa Mrima ulikuwa lango la misafara ya kwenda bara. Hapa ndipo upinzani dhidi ya Wajerumani ulipowaka mwaka 1888 chini ya Abushiri bin Salim, na hapa ndipo aliponyongwa Desemba 1889. Mto uliufanya mji, ukauletea minazi na mashamba ya miwa, na biashara.

Mlangoni, maji ya mto na maji ya bahari yanasukumana kila siku. Maji yakijaa, bahari hupanda mtoni. Yakipwa, mto huisukuma irudi. Ushindi unategemea nguvu ya mto. Kama mifereji ya juu imechukua, bwawa limezuia na kiangazi ni kikali, mto unafika Pangani ukiwa dhaifu, nayo chumvi hupanda mbali zaidi ndani. Visima vya ukingoni vinabadilika ladha. Mnazi na mpunga vinadhoofika. Mikoko, ambako kamba na samaki wachanga hulelewa, inahitaji mchanganyiko wa maji chumvi na maji baridi, hivyo nayo inaumia.

Mto dhaifu hauleti mchanga wa kutosha pia. Mchanga unaokwama nyuma ya mabwawa ni mchanga usiofika ufukweni, na pwani isiyopokea mchanga ni rahisi kuliwa na mawimbi.

Tuwakumbuke kwa kifupi majirani wawili wa Pangani ambao hawaingii ndani yake. Zigi unatoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kupitia bwawa la Mabayani unalinywesha jiji la Tanga. Umba unatoka Usambara Magharibi na kuishia baharini Vanga, nchini Kenya. Yote miwili ina somo lile lile: bomba la mjini limefungwa kwenye mti wa mlimani.

Nani achote kwanza?

Mgogoro wa mto huu ni rahisi kuueleza na mgumu kuumaliza. Wa juu wanamwagilia, wa kati wanataka umeme, wa chini wanataka mto ufike. Kila mmoja ana hoja. Mkulima wa Moshi hafungui mfereji kwa ubaya. Anasomesha watoto kwa nyanya na mpunga. Lakini umwagiliaji ndio mtumiaji mkubwa kuliko wote katika bonde hili, na pale maji yanapovuja bure ndipo pa kuanzia.

Tangu mwaka 1991 kuna ofisi ya Bonde la Pangani, ambayo leo ni Bodi yenye makao Moshi. Ni mojawapo ya mabonde tisa ya maji nchini. Bodi hutoa vibali vya kutumia maji, hukusanya ada na hupima mtiririko. Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Anayefungua mfereji au kuweka pampu ya shamba anahitaji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya mwaka 2009 zimeweka mpangilio: kwanza maji ya binadamu kwa matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuuacha mto wenyewe uishi, kisha ndipo kilimo, umeme na viwanda.

Hatua ya pili inashangaza wengi. Mto kuwa na haki ya maji yake? Lakini tukishauona mlango wa Pangani tunaelewa. Maji yanayofika baharini hayajapotea. Yamezuia chumvi na kulea samaki, na yamemfikia mtu wa mwisho. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyataja maji safi ya kunywa kuwa haki ya msingi ya binadamu. Haki hiyo haina maana kama inaishia kwa aliye karibu na chanzo.

Tufanye nini tulipo?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Tunaweza kuanza na hatua sitini tu. Parokia nyingi za milimani zina mashamba, shule na vituo vya afya kando ya vijito. Je, tumepima? Mgomba wa parokia umeingia ndani ya mita hizo?

La pili ni Jumuiya za Watumia Maji, ambazo sheria inazitambua na ambazo hugawa zamu, husafisha mifereji na husuluhisha ugomvi kabla haujafika polisi. Waamini wetu wamezoea kukutana kila wiki katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Watu wanaoweza kupanga zamu za sala nyumba kwa nyumba wanaweza kupanga zamu za mfereji na kuzisimamia kwa haki, hasa kwa mjane ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji.

La tatu ni kwa mafrateri. Wengi wenu mtapangiwa parokia katika bonde hili, pengine mlimani, pengine Korogwe, pengine Pangani. Mkifika, ulizeni mapema: maji ya hapa yanatoka wapi, na yakitoka hapa yanakwenda kwa nani? Atakayejibu swali la kwanza atakuwa fundi wa bomba. Swali la pili huenda hakuna atakayekuwa amewahi kuulizwa. Anzeni nalo.